Kuandaa Ubatizo wa Mtoto Mchanga Parokiani: Tangu Ombi la Wazazi Hadi Daftari

Mtoto wa wiki tano hana cha kufundishwa. Atalala, atalia, atashtuka maji yakimgusa utosini, basi. Wanaoandaliwa ni watu wazima wanaomleta: wazazi kwanza, wasimamizi baada yao. Sheria ya Kanisa Katoliki inalisema hilo waziwazi (kanuni 851): wazazi wa mtoto, na wale watakaomsimamia, wafundishwe maana ya sakramenti hii na wajibu unaofuatana nayo. Mtoto anabatizwa katika imani ya Kanisa, na Kanisa la kwanza atakaloliona ni nyumba yao.

Mwongozo huu ni wa katekista, shemasi, karani wa ofisi ya parokia, msakristia (mtunza vyombo vya ibada), na yeyote aliyekabidhiwa kazi hii na paroko, yaani padre mkuu wa parokia. Wazazi wakiusoma watajua kwa nini wanaulizwa wanayoulizwa.

Lini waanze

Kanuni 867 inawadai wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki zake za kwanza, na wamwone paroko mapema baada ya kujifungua, au hata kabla. Hilo "hata kabla" wengi hulipita bila kulisoma, na ndilo linalorahisisha kazi. Mama mwenye mimba ya miezi saba anaweza kukaa saa moja na nusu akasikiliza na kuuliza. Mama wa wiki mbili hajalala tangu juzi. Ukimweka darasani utaona macho tu. Kwa hiyo tangazeni kanisani kwamba wazazi watarajiwa wanakaribishwa kwenye mafunzo, na waliokwisha kufundishwa wabaki na kazi ndogo tu baada ya kujifungua: jina, tarehe, wasimamizi.

Kama mtoto amekwisha kuzaliwa, wiki sita zinatosha bila kukimbizana. Wiki ya kwanza ni ya mazungumzo. Ya pili, nyaraka za wasimamizi zinafuatiliwa. Ya tatu na ya nne ni za vipindi vya mafunzo. Ya tano ni ya kutembelea nyumba na kufanya mazoezi ya majibu, na ya sita ni ya ubatizo wenyewe. Ratiba ya miezi minne au mitano haitokani na sheria; mara nyingi inatokana na parokia kubatiza mara mbili tu kwa mwaka ili kurahisisha kazi ya ofisi. Mkiweza, batizeni kila mwezi. Siku yoyote inaruhusiwa, lakini inayopendekezwa ni Dominika, na ikiwezekana Mkesha wa Pasaka (kanuni 856). Mahali ni kanisani, kwa kawaida parokia ya wazazi. Si nyumbani, isipokuwa kwa dharura au kwa ruhusa ya askofu yenye sababu nzito.

Mazungumzo ya kwanza

Kosa la kwanza linafanyika mlangoni: wazazi wanaingia na furaha yao, wanapewa fomu. Fomu iwekwe kando kwa dakika ishirini. Wapongezeni, muulize mama anaendeleaje, mtoto ananyonya vizuri, wamempa jina gani. Kisha uliza maswali manne, na usikimbilie kusahihisha majibu:

1. Kwa nini mnataka mtoto abatizwe? "Kwa sababu sisi tulibatizwa" ni jibu halali la kuanzia. "Mama mkwe anatusumbua" nalo ni jibu, na ni afadhali lisikike sasa kuliko lifichwe.
2. Nyumbani mnasali namna gani, na lini?
3. Nani atakayemfundisha mtoto huyu ishara ya msalaba?
4. Kuna jambo lolote mnaloona huenda likawa kikwazo? Swali hili ndilo linalofungua masuala ya ndoa, ya mzazi asiye Mkatoliki, na ya baba aliyeondoka. Likiulizwa kwa upole siku ya kwanza, hakuna atakayeaibika Jumamosi jioni kabla ya ubatizo.

Ndipo fomu ijazwe. Majina ya mtoto yafuate cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, wala si kwa masikio ya karani. Andika tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina kamili ya wazazi, dini ya kila mmoja, mahali na tarehe ya ndoa yao kama ipo, na mawasiliano. Omba nakala ya cheti cha kuzaliwa au tangazo la uzazi kutoka hospitali.

Ili mtoto aruhusiwe kisheria kubatizwa, kanuni 868 inadai mambo mawili tu. La kwanza ni ridhaa ya wazazi, au angalau mmoja wao, au anayeshika nafasi yao kisheria. La pili ni tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Shikeni hayo mawili kabla ya kuongeza masharti ya nyumbani kwenu.

Ndoa ya Kanisa haimo katika orodha hiyo. Wazazi ambao hawajafunga ndoa, au mama anayelea peke yake, hawazuiwi kwa sababu hiyo pekee. Suala lao la ndoa lishughulikiwe, lakini kwa njia yake na kwa wakati wake. Mtoto asishikwe rehani ya matatizo ya wakubwa. Mzazi mmoja akiwa wa dhehebu au dini nyingine, ongea naye ana kwa ana. Hahitaji kuahidi asichokiamini. Inatosha ajue mwenzake anaahidi nini, na asije akashtuka siku ya ibada.

Bibi anayemleta mjukuu kimyakimya ni habari nyingine. Upendo wake haupimiki, lakini ridhaa ya mzazi haipo, na bila ridhaa hiyo hubatizi mtoto ambaye maisha yake hayako hatarini. Mwambie bibi amlete binti yake wazungumze. Mara nyingi anakuja.

Vipi kama tumaini lenyewe halionekani? Waraka wa Vatikano wa mwaka 1980 kuhusu ubatizo wa watoto wadogo unatoa njia. Dhamana ya malezi si lazima itoke kwa wazazi peke yao. Msimamizi mwenye bidii, ndugu, au jumuiya ya waamini inaweza kuibeba pamoja nao. Ni pale tu dhamana hiyo inapokosekana kabisa ndipo ubatizo unaahirishwa, na wazazi waelezwe sababu. Kuahirisha maana yake ni kukubaliana juu ya hatua inayofuata na tarehe ya kukutana tena. Ukimwambia mtu "njoo ukiwa tayari" bila tarehe, umemfukuza.

Kuhusu sadaka: kanuni 848 inakataza mhudumu kudai chochote zaidi ya kilichowekwa na mamlaka husika, na maskini asinyimwe sakramenti kwa kukosa. Kama kuna sadaka ya kawaida, itajwe baada ya yote, na isiwe sharti la kupata tarehe.

Wasimamizi

Hapa ndipo panapoharibika kuliko kwingine kote, kwa sababu familia huchagua kwa vigezo vya urafiki, fadhila au cheo kazini, halafu huja ofisini na jina lililokwisha kuahidiwa. Dawa ni moja: masharti yatajwe siku ile ya kwanza kabisa, kabla hawajampigia mtu simu.

Idadi: mwanamume mmoja, au mwanamke mmoja, au mwanamume na mwanamke (kanuni 873). Wanaume wawili hawaandikwi, wala wanawake wawili, wala watu wanne wa kuwakilisha koo zote. Wanaobaki nje wapewe kazi nyingine ya heshima: kusoma somo, kuleta vazi jeupe, kutaja nia za maombi.

Masharti yenyewe yamo katika kanuni 874. Awe amechaguliwa na wazazi, au kwa kukosekana kwao na paroko, na awe na uwezo na nia ya kuibeba kazi hiyo. Awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu ameweka umri mwingine au paroko ameona sababu ya haki. Awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) na Ekaristi (Komunyo), anayeishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayoipokea. Asiwe chini ya adhabu ya Kanisa. Asiwe baba wala mama wa mtoto.

Linalokwamisha mara nyingi zaidi ni Kipaimara. Mtu alibatizwa, akapokea Komunyo, akahama, Kipaimara kikabaki. Usikubali neno "nadhani nilipata". Omba cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni na parokia alikobatizwa, kwa kuwa pembeni mwa daftari la ubatizo la huko ndiko Kipaimara na ndoa vinakoandikwa. Kama anaishi parokia nyingine, omba pia barua ya paroko wake. Nyaraka hizi huchukua siku, wakati mwingine wiki; ndiyo sababu wiki ya pili imetengewa kazi hii peke yake.

Mkristo wa madhehebu ya Kiprotestanti aliyebatizwa hawezi kuwa msimamizi, ila anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, na jina lake likaandikwa hivyo. Mwortodoksi anaweza kuwa msimamizi pamoja na msimamizi Mkatoliki. Asiyebatizwa hana nafasi yoyote kati ya hizo mbili. Mkae naye, mweleze kwa heshima, mpatie kiti cha mbele.

Na kama hakuna anayefaa? Sheria inasema msimamizi awepo "kadiri inavyowezekana" (kanuni 872). Mtoto asicheleweshwe mwaka mzima akitafutiwa msimamizi. Abatizwe, mradi awepo angalau shahidi mmoja wa kuthibitisha kwamba ubatizo umefanyika.

Vipindi vya mafunzo

Viwili vinatosha, kila kimoja saa moja na nusu, familia nne hadi sita kwa pamoja. Zikizidi hapo watu hunyamaza, zikipungua sana mazungumzo hukauka. Ruhusuni watoto waje, wanyonyeshwe humo humo. Wekeni mkeka au blanketi sakafuni. Wasimamizi waalikwe vyote viwili, na anayeishi mbali afundishwe parokiani kwake na alete barua.

Kipindi cha kwanza ni cha maana. Usianze na dhambi ya asili kama anayesoma hati ya mashtaka. Anza na vitu: weka mezani bakuli la maji, kichupa cha mafuta, kitambaa cheupe, mshumaa. Waulize wanavitumia kufanya nini nyumbani. Maji huosha, hukata kiu, na pia huzamisha. Kutoka hapo ni hatua moja kufika Bahari ya Shamu, mto Yordani, na sura ya sita ya Waraka kwa Warumi, Paulo anapoandika kwamba tuliobatizwa katika Kristo tumezikwa pamoja naye ili tuenende katika maisha mapya. Dhambi ya asili ielezwe ndani ya habari hiyo: mtoto hana kosa alilotenda, lakini anazaliwa katika ubinadamu uliojeruhiwa, naye anahitaji Mwokozi kama sisi wengine. Swali litakalokuja bila kukosa ni hili: mbona hamkungoja akue achague mwenyewe? Wajibuni kwa kuwauliza walingoja nini kingine. Lugha, jina, chakula, vyote mtoto hupewa kabla ya kuchagua. Atakachochagua baadaye ni kukishika au kukiacha. Lakini anayempa lazima awe nacho, na hapo mzigo unawarudia wao.

Watu watauliza pia kuhusu watoto wanaokufa bila ubatizo. Msiwatishe. Katekisimu inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na kuruhusu tumaini kwamba wana njia ya wokovu (na. 1261). Inawezekana kabisa kati ya waliokaa mbele yako yumo aliyezika.

Kipindi cha pili ni cha ibada na nyumba. Pitia ibada hatua kwa hatua, watamke majibu kwa sauti. Kwenye kumkataa Shetani na kukiri imani, wazazi na wasimamizi hujibu kila mmoja kwa nafsi yake: "Namkataa", "Nasadiki". Wengi hudhani wanajibu kwa niaba ya mtoto. Hapana, wanakiri imani yao wenyewe, ile ambayo mtoto anabatizwa ndani yake. Ukilieleza hili vizuri, mzazi asiyesali huanza kujiuliza mwenyewe, na huhitaji kumhubiria zaidi.

Malizia kwa mambo matatu ya nyumbani, yasizidi: kumwekea mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso kila usiku, sala fupi ya familia kabla ya kulala, na kwenda Misa ya Dominika naye. Ukiwapa kumi hawatafanya hata moja.

Wiki moja kabla ya ubatizo, mmoja wa waandaaji aende nyumbani kwao kwa nusu saa. Atakayoyajua hapo hayapatikani kwenye fomu: nani mgonjwa, nani hawaongei, nani atambeba mtoto.

Jina

Kifupi: kanuni 855 inataka jina lisilopingana na hisia za Kikristo. Haisemi lazima liwe la Kizungu wala la mtakatifu, ingawa kumchagua mtakatifu msimamizi ni desturi njema. Jina la ukoo lenye maana nzuri halina tatizo lolote. Shida ya kweli ni pale jina la ubatizo linapotofautiana na la cheti cha kuzaliwa. Andikeni yote mawili daftarini, la sivyo miaka ishirini baadaye mtu huyo atahangaika kuthibitisha kwamba ni yeye.

Vitu vya kuandaa

Msakristia aviweke saa moja kabla ya ibada:

- Maji safi, vuguvugu. Kwa kumiminia, nusu lita kwa kila mtoto inatosha na kuzidi. Kwa kuzamisha, birika la ubatizo lijazwe hivi kwamba mtoto aingie mwili mzima bila kugonga chini, na chumba kisiwe na upepo. Maji baridi hayabatilishi chochote, lakini mtoto akipiga mayowe hakuna atakayesikia maneno ya ubatizo.
- Kikombe kidogo au ganda la kumiminia, na taulo moja kwa kila mtoto.
- Mafuta ya Wakatekumeni (ya kupaka kabla ya maji) na Krisma takatifu (mafuta ya kupaka baada ya maji), kila chupa na lebo yake. Ni rahisi kuzichanganya. Krisma hutambulika kwa harufu ya manukato. Hakikisha ni mafuta yaliyobarikiwa na askofu katika Juma Kuu la karibuni.
- Pamba, na kipande cha limau au mkate cha kufutia mikono ya padre.
- Mshumaa wa Pasaka uliokwisha kuwashwa, na mshumaa mdogo kwa kila mtoto, wenye kikinga nta.
- Vazi jeupe kwa kila mtoto.
- Kitabu cha ibada chenye alama kwenye kurasa, na karatasi ya majina yenye herufi kubwa.

Waambieni wazazi mapema mambo mawili ya mavazi. Nguo ya mtoto ifunguke kifuani, kwa sababu Mafuta ya Wakatekumeni hupakwa hapo. Gauni lenye vifungo kumi na vinane mgongoni litasimamisha ibada. Na mtoto akija amekwisha kuvaa vazi lake jeupe, hakutakuwa na cha kumvika baada ya maji. Aje na nguo ya kawaida, au avikwe shali jeupe juu yake.

Siku yenyewe

Ibada ya mwaka 1969, iliyotolewa tena mwaka 1973, ndiyo ya kwanza ya Roma kutungwa mahususi kwa watoto wachanga. Kabla yake mtoto aliulizwa maswali kama mtu mzima na msimamizi akamjibia. Sasa wazazi wana sehemu yao wenyewe, ndiyo maana mazoezi yanahitajika.

Mapokezi ni mlangoni. Padre au shemasi anauliza: mmempa mtoto huyu jina gani, na mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu? Wazazi wanajibu jina, kisha "Ubatizo". Anawakumbusha wajibu wao, anawauliza wasimamizi kama wako tayari kusaidia, halafu anamwekea mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Wazazi na wasimamizi wanafuata.

Linakuja somo, mahubiri mafupi, maombi ya waamini, litania fupi ya watakatifu ambamo majina ya watakatifu wa watoto huongezwa, sala ya kupunga pepo, na kupakwa mafuta kifuani. Kisha wote wanakwenda kwenye birika. Maji yanabarikiwa, wazazi na wasimamizi wanamkataa Shetani na kukiri imani, padre anawauliza kama wanataka mtoto abatizwe katika imani hiyo, na anabatiza.

Baada ya maji ni Krisma utosini, vazi jeupe, na mshumaa unaowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka, kwa kawaida na baba au msimamizi. Anayembeba mtoto asishike mshumaa; nywele na shali huwaka haraka. Ibada ya Efata, ya kugusa masikio na kinywa, inaweza kufuata. Wote wanakwenda altareni kwa Baba Yetu na baraka: ya mama, ya baba, ya wote.

Ndani ya Misa ya Dominika, mapokezi ya mlangoni yanachukua nafasi ya salamu na tendo la toba, na Nasadiki ya kawaida haisemwi kwa sababu imani imekiriwa birikani. Nje ya Misa, ibada ya mtoto mmoja huchukua kama nusu saa. Kila mtoto wa ziada aongezewe dakika tatu au nne. Wakiwa wengi, maswali huulizwa kwa pamoja, lakini maji na maneno ni kwa kila mmoja peke yake, pacha nao vivyo hivyo.

Mpiga picha apangiwe mahali pake pa kusimama mapema. Asipopangiwa atasimama kati ya mtoto na waamini.

Maji na maneno

Hapa hakuna nafasi ya ubunifu. Maji halisi yamiminwe juu ya kichwa mara tatu, au mtoto azamishwe mara tatu, huku anayebatiza mwenyewe akitamka: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mmoja asimimine huku mwingine akitamka. Maji yatiririke juu ya ngozi; mtoto mwenye nywele nyingi, zitenge kwa kidole. Matone yaliyonyunyizwa kutoka mbali huacha shaka isiyo ya lazima.

Mwezi Agosti 2020 Vatikano ilitamka rasmi kwamba ubatizo uliofanywa kwa maneno "Tunakubatiza" si halali, na aliyeupokea hivyo abatizwe upya. Nia ilikuwa kuonyesha ushiriki wa familia. Lakini anayebatiza ni Kristo kwa mkono wa mhudumu mmoja, wala si kikundi. Karani na msakristia wasikilize maneno hayo kwa makini. Wakisikia kosa, wamwambie padre hapo hapo, kabla familia haijaondoka.

Mtoto akiwa hatarini kufa

Kila mafunzo yatoe dakika kumi kwa jambo hili, na kila mkunga na muuguzi Mkatoliki alijue kwa moyo. Mhudumu wa kawaida ni askofu, padre au shemasi, lakini katika dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi anakusudia kufanya lifanywalo na Kanisa (kanuni 861).

Chukua maji yoyote safi, hayahitaji kubarikiwa. Mimina kidogo kichwani mara tatu ukitamka maneno yale yale ya juu. Kama jina halijulikani, anza na "Nakubatiza". Kwa mtoto aliye kwenye mashine, kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano linatosha; cha muhimu ni maji yatiririke. Usingoje msimamizi, mshumaa wala kitambaa. Padre akiwahi kufika, anaweza pia kumpa Kipaimara mtoto aliye hatarini.

Kisha andika papo hapo: jina la mtoto, wazazi, saa, mahali, aliyebatiza, na shahidi. Karatasi hiyo ifike parokiani. Mtoto akipona, analetwa kanisani kwa ibada zilizobaki, yaani mapokezi, Krisma, vazi na mshumaa. Maji hayarudiwi. Mtoto aliyekwisha kufa habatizwi, kwa maana sakramenti ni za walio hai. Kaa na wazazi, sali nao, mpeni mtoto jina na mazishi ya heshima.

Daftari na cheti

Daftari lijazwe siku hiyo hiyo na paroko asaini. Kanuni 877 inataka jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na siku ya ubatizo, mahali na siku ya kuzaliwa. Kama aliyebatiza si paroko na paroko hakuwepo, ni wajibu wake kumjulisha.

Mtoto wa mama asiyeolewa: jina la mama huandikwa kama umama wake unajulikana hadharani, au akiomba mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. La baba huandikwa tu kwa hati ya serikali au kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Neno la mama pekee halitoshi, hata kama kijiji kizima kinajua. Mtoto wa kuasiliwa aandikwe majina ya wazazi waliomwasili, na ya wazazi wa damu kwa kufuata utaratibu wa serikali na wa baraza la maaskofu.

Msimamizi aliyewakilishwa na mwingine ndiye anayeandikwa kama msimamizi. Aliyesimama kwa niaba yake atajwe hivyo. Kosa la herufi lisifutwe kwa wino mweupe wala ukurasa usichanwe. Sahihisho liandikwe pembeni, lenye tarehe na saini, kwa utaratibu wa jimbo. Pembeni hapo hapo ndipo Kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za kitawa zitaandikwa maisha yake yote, kwa hiyo acheni nafasi ya kutosha. Cheti wapewe wazazi siku hiyo, na waelezwe kwamba akija kufunga ndoa ataombwa kingine kipya kutoka daftari hili hili, popote atakapokuwa anaishi.

Baada ya ibada

Mwezi mmoja baadaye, yule yule aliyetembelea nyumba arudi. Asiende na maswali ya mtihani; aulize usingizi wa mtoto, na kama ile ishara ya msalaba ya usiku inafanyika. Mwaka mmoja baadaye, majina ya waliobatizwa mwezi ule yatajwe kwenye maombi ya Misa na familia zialikwe kuja na mishumaa yao. Na ofisi itunze orodha ya kila mwaka ya wabatizwa, pamoja na namba za simu za wazazi na wasimamizi, imkabidhi katekista wa Komunyo ya kwanza watoto hao watakapofikia umri wa miaka saba. Atajua nani wa kumtafuta, na ataanza kwa kumpigia msimamizi.